Barua ya wazi kwa waliotupunguza: mezani hatukuitwa

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi,
Kwa Mkurugenzi Mkuu na menejimenti yote ya ofisi ya Masaki,

Waheshimiwa, nawasalimu kwa heshima. Poleni na majukumu.

Jina la kampuni yetu ya kuuza fanicha kwa mtandao sitaliandika hapa. Wapo wenzangu ambao bado wamo mle ndani, na sitaki wateja waikimbie kampuni kisha mishahara ya hao waliobaki iyumbe. Ninyi mnajijua, na ghala letu la Vingunguti mnalijua. Mimi ni yule mama wa dawati la oda, niliyekaa karibu na mlango wa kupakilia mizigo kwa miaka sita na miezi minne.

Nianze na siku yenyewe mliyotupunguza kazini. Jumanne ile, saa 3 asubuhi, kirikuu, gari letu dogo la mizigo, ilikuwa imeshatoka na kitanda cha sita kwa sita, magodoro mawili na kabati la milango mitatu, kwenda Kimara Suka. Saa 3 na dakika 20 ikaingia barua pepe yenye kichwa "Mabadiliko ya Muundo wa Kampuni". Ilisema nafasi yangu haimo katika muundo mpya kuanzia siku hiyo. Niliisoma mara mbili. Kabla sijamaliza mara ya tatu, mfumo ukanitoa, na nywila ikakataa. Wakati huohuo simu yangu ya mkononi inaita: dereva amefika Suka, haoni nyumba, mteja hapokei, na kwenye mfumo namba ya pili hakuna. Namba ya pili ilikuwa ya mdogo wake mteja, nami nilikuwa nimeiandika kwenye daftari langu la karatasi. Nikampa. Nikamwelekeza kwa vocha yangu mpaka akashusha mzigo, akafunga kitanda, akapanga chaga zake, akapokea hela ya kampuni. Hiyo ilikuwa saa 5 na nusu.

Sisemi haya nisifiwe. Nasema kwa sababu humo ndimo lilimo jambo lote ninalotaka mlielewe. Mliandika kwamba nafasi imekufa, na kazi yenyewe ilikuwa hai, inapiga simu.

Dawati letu lilikuwa na watu saba. Kwenye karatasi za ofisi liliitwa "uthibitisho wa oda", na kwa anayetazama kutoka Masaki huenda lilionekana ni watu saba wa kupiga simu tu, kazi ambayo ujumbe unaojituma wenyewe ungeweza kuifanya. Niwaeleze tulikuwa tunauliza nini, kwa kuwa hamkuwahi kutuuliza.

Tulikuwa tunauliza upana wa mlango. Sofa ya L kwenye picha inapendeza, mteja wa Sinza anaipenda na kuilipia, kumbe chumba chake kina mlango wa futi mbili na nusu na kona ya ukuta hapohapo unapoingia. Tulikuwa tunauliza ghorofa ya ngapi, ngazi zinapinda wapi, lifti ipo na inafanya kazi? Kariakoo peke yake ilikuwa somo: maghorofa marefu, ngazi nyembamba, na mchana barabara imejaa watu na bidhaa kiasi kwamba mzigo ni wa kupandishwa usiku au Jumapili alfajiri. Tulikuwa tunauliza gari linafika mlangoni au linaishia barabarani, maana ipo mitaa ya Manzese na Tandale ambako hata kirikuu haipiti, na lazima utafute guta au vijana wa kubeba kichwani, ukubaliane nao bei kabla mzigo haujatoka ghalani. Masika yakishika tulikuwa tunauliza Jangwani kunapitika. Tulikuwa tunauliza mwenye nyumba anaruhusu kuingiza vitu baada ya magharibi au haruhusu. Na swali lililookoa hela kuliko yote lilikuwa hili: "Mama, chumba umeshakipima?" Wengi walikuwa hawajapima. Wakiwa bado kwenye simu wanachukua kanga, wanaitandika sakafuni toka ukuta hadi ukuta, wanatuambia imebaki shubiri ngapi. Tunahesabu pamoja. Kitanda cha sita kwa sita kinageuka kuwa cha tano kwa sita, mteja anashukuru, na mzigo unakwenda mara moja tu.

Waheshimiwa, fanicha ikirudi inatugharimu mara tatu: mafuta ya kwenda, mafuta ya kurudi, na uharibifu. Kabati la mninga linalotengenezwa na mafundi wa Keko linavumilia kufunguliwa na kufungwa tena. Hili la MDF, ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, linaloshuka kwenye kontena halivumilii. Ukishatoa skrubu mara ya pili tundu linapanuka, skrubu haishiki, na mlango unaanza kuning'inia kwenye bawaba. Likinyeshewa njiani linavimba pembeni na halirudi tena lilivyokuwa. Haya yote yanajulikana ghalani. Hakuna aliyeyaandika kwenye mfumo mpya, kwa sababu walioyajua mliwatoa kabla hawajaulizwa.

Barua yenu ilitaja sababu tatu: oda zimepungua, gharama ya kufikisha mizigo imepanda, na kampuni inahamia mfumo mpya. Sipingi kwamba biashara ni ngumu. Nimeziona siku ambazo hadi adhuhuri simu haijalia. Na najua hamko peke yenu. Wakati wa korona, watu wa Marekani na Ulaya walipofungiwa majumbani, walinunua meza na viti kwa mtandao kwa wingi usio wa kawaida, na kampuni za fanicha zikaajiri kufuata wimbi lile. Watu walipotoka nje na riba zikapanda, oda zikashuka. Wayfair, kampuni ya Marekani inayouza fanicha kwa mtandao, ilipunguza watu wapatao 870 Agosti 2022, wengine 1,750 Januari 2023, na wengine 1,650 Januari 2024. Siku ya tangazo hilo la mwisho bei ya hisa zake ilipanda. Mwezi mmoja kabla, mkuu wa kampuni hiyo alikuwa amewaandikia wafanyakazi akiwahimiza wasiogope kufanya kazi saa nyingi. Januari 2025 ikatangaza kuondoka Ujerumani, watu wengine wapatao 730 wakaguswa. Kule Uingereza, Made.com, nayo ya fanicha za mtandaoni, ilianguka Novemba 2022. Kampuni ya Next ikanunua jina, tovuti na haki za kampuni ile kwa pauni milioni 3.4. Wafanyakazi hawakuwamo katika vilivyonunuliwa, wala wateja waliokwisha kulipia sofa ambazo hawajaziona.

Nayataja haya kwa sababu maneno ya barua yenu ni yaleyale: kurahisisha muundo, kuondoa ngazi zisizo za lazima, kujiandaa kwa ukuaji. Lakini sisi Tanzania hatukufungiwa ndani. Ghala la Vingunguti halikuajiri mamia mwaka 2020. Tulikuwa wachache, tukaendelea kuwa wachache, tukabeba mizigo mingi zaidi kila mwaka. Homa ni ya wengine, dawa tumenyweshwa sisi.

Na hapa Dar jambo hili lina kumbukumbu. Jumia, kampuni ya kuuza bidhaa kwa mtandao, iliingiza hisa zake soko la New York Aprili 2019, na Novemba mwaka uleule ikasimamisha biashara yake Tanzania. Mimi nilikuwa mgeni kazini kwenu wakati huo. Nakumbuka kila siku mteja mmoja au wawili wakiniuliza kwenye simu: "Na ninyi mnafunga lini?" Watu waliogopa kutuma hela. Niliwajibu kwa sauti yangu, si kwa ujumbe wa kompyuta: "Sisi tupo, dada. Pokea mzigo wako kwanza, ukague, ndipo ulipe." Ndivyo wateja walivyojengwa, mmoja mmoja. Wapo hadi leo wanaonipigia mimi badala ya namba ya kampuni.

Sasa niseme juu ya sheria, kwa kuwa mmeajiri wanasheria na huenda walishawaambia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza watu atoe taarifa mara tu anapoanza kulifikiria jambo hilo. Aweke wazi taarifa zote zinazohusika. Kisha ashauriane na wafanyakazi, kupitia chama chao au wao wenyewe, kabla ya kupunguza: sababu ni zipi, njia gani zinaweza kuepusha au kupunguza idadi ya watakaotoka, watachaguliwaje, lini, na watalipwa nini. Pale ghalani hatukuwa na tawi la TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, na hilo ni kosa letu ambalo nalijutia. Lakini kutokuwa na tawi hakuwapi ninyi ruhusa ya kuzungumza wenyewe kwa wenyewe. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Hatukuwepo, na kweli, mambo yetu hayakuwepo.

Mngetuita tungesema nini? Tungesema mengi. Madereva walikuwa na miezi wakilalamika kwamba kirikuu inatumwa Mbezi asubuhi na kurudishwa Mbezi jioni kwa sababu oda mbili zimeingia kwa saa tofauti. Mzigo wa Kigamboni ulikuwa unavuka daraja kila siku na kulipa tozo kwa ajili ya meza moja ya runinga, wakati mngeweza kupanga siku mbili za Kigamboni kwa wiki na mteja angeridhika akiambiwa mapema. Kijana wa stoo alishapendekeza kontena lifunguliwe na kukaguliwa siku ileile linapoingia, ili vitu vilivyovunjika baharini vidaiwe kwa muuzaji, visije vikagundulika sebuleni kwa mteja. Wapo wazee wawili waliokaribia kupumzika ambao wangekubali kutoka kwa hiari kwa makubaliano mazuri. Mimi mwenyewe ningekubali saa zipunguzwe, na mshahara nao, kwa miezi mitatu au minne, kuliko kuona dawati zima linafutwa. Nimewauliza wenzangu sita, watano wanasema hivyohivyo. Labda hayo yote yasingetosha. Labda bado wangetoka watu. Lakini wangetoka wakijua kwa nini wao na si wengine, na hesabu mngekuwa mmeionyesha.

Nizungumzie malipo. Kima cha chini cha kiinua mgongo kwa sheria hiyohiyo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka mmoja uliokamilika, mwisho miaka 10. Kwa miaka yangu 6 ni siku 42. Ongeza notisi, ambayo kwa anayelipwa kwa mwezi haipungui siku 28, na likizo ambayo sikuichukua mwaka jana kwa kuwa mliniomba nisubiri msimu wa sikukuu upite. Mnajua jinsi mji huu ulivyo: mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mwenzangu mmoja wa dawati kodi yake inaisha mwezi huu na mtoto wake yupo kidato cha pili bweni. Siku 42 za mshahara wa msingi, Waheshimiwa, si mali. Basi hata hizo hatujazipata. Idara ya Rasilimali Watu inatuambia tuwe wavumilivu, hesabu zinaandaliwa. Wakati huo siku 30 za kufungua mgogoro kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi zinahesabiwa tangu siku tulipoachishwa, na leo ninapoandika ni siku ya 17. Anayemwambia mtu asubiri hali anajua saa inakwenda, hamtendei haki.

Kuna jambo linaniuma kuliko pesa. Wiki iliyofuata tuliona vibarua wapya getini. Vijana wazuri, sina neno nao. Mmoja wao nilimfundisha mwenyewe mwaka juzi alipokuja kwa muda wakati wa sikukuu. Sasa amekaa kwenye kiti changu, analipwa kwa siku, hana mkataba wa maandishi, hana makato ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Kila jioni ananipigia. "Shikamoo mama, samahani, mzigo wa Goba unaingilia njia gani?" "Mama, huyu mteja wa Upanga anasema ulimwahidi mafundi wawili, ni kweli?" Ninamjibu, kwa sababu mteja hana kosa na kijana hana kosa. Lakini jamani, kama nafasi yangu haipo, huyu anauliza maswali ya nafasi gani?

Na Keko. Sijui kama kuna mjumbe wa Bodi aliyewahi kufika Keko Machungwa akakaa kwenye kibao, akavuta harufu ya vanishi na msasa. Nusu ya uzuri mnaouweka kwenye picha zenu unatoka kwenye mabanda yale. Fundi wa kule hafanyi kazi kwa barua pepe. Anapewa oda kwa simu, anakwenda kuchagua mbao mwenyewe, anazigonga kwa kidole kusikia kama zimekauka, kwa sababu mbao mbichi ikifika nyumbani kwa mteja inapinda na droo inakwama. Mbao ananunua kwa hela yake au kwa mkopo wa kikundi, akijua mzigo ukipokelewa atalipwa. Dawati letu ndilo lililokuwa linamthibitishia kwamba oda ni ya kweli. Siku mliyotufungia mfumo, oda zilizokuwa mikononi mwa mafundi zilibaki bila mtu wa kuziulizia. Mzee mmoja ana vitanda vinne vya mkongo vimekamilika, vimepakwa rangi, vimeegeshwa ukutani chini ya turubai. Amenipigia mara tano. Yeye hamkumpunguza, kwa kuwa hamkuwahi kumwajiri, na kwa hiyo hakupata hata ile barua pepe. Lakini amepoteza kazi kama sisi, na ana deni juu yake.

Ndugu Mkurugenzi Mkuu, nikuelekee wewe binafsi. Nakumbuka ulivyokuja ghalani mara ya kwanza, ukavua koti, ukashika upande mmoja wa kabati tukalipakia pamoja. Ulituuliza majina. Siku ile tuliamini kwamba likitokea jambo zito utakuja hivyohivyo, utasimama mbele yetu na kutuambia kwa mdomo wako. Nilikusubiri. Hata baada ya ile barua pepe, wenzangu walipoanza kukusanya vikombe vyao, mimi nilikaa nikitazama geti nikidhani gari lako litaingia.

Tunachoomba si kikubwa kwa kampuni yenye ofisi Masaki. Tunaomba mkae nasi, wote tuliopunguzwa, na mtuonyeshe hesabu na vigezo mlivyotumia, kama mlivyopaswa kufanya mwanzo. Pale ambapo kazi bado ipo na inafanywa na kibarua, mwenye nafasi yake arudishwe, na kibarua anayebaki apewe mkataba na NSSF yake. Malipo yetu yote yawekwe kwa maandishi, kila mtu na karatasi yake, kabla siku 30 hazijaisha, pamoja na hati ya utumishi, maana bila hiyo tunakwenda kuomba kazi kwingine mikono mitupu. Mafundi wa Keko walipwe kwa kazi iliyokwisha. Huyu mzee wa vitanda vinne alipwe kwanza, kabla yangu mimi.

Wapo miongoni mwetu waliokwisha kuchukua fomu za Tume, na sitawazuia. Mimi yangu nimeijaza, ipo kwenye bahasha, sijaipeleka. Nimeibakisha kwa sababu bado napenda kampuni ile, na ningependa tulimalize nyumbani.

Jumatano ijayo saa 4 asubuhi tutakuwa pale nje ya ghala, ng'ambo ya barabara, kwa mama ntilie chini ya mwarobaini, mahali ambapo madereva hunywa chai. Hatutaziba geti wala kusimamisha gari lolote. Nitakuja na daftari langu la namba za wateja na ramani za mitaa, kwa sababu ni mali ya kazi na nataka kulikabidhi kwa mkono wa mtu mzima anayehusika. Viti nimeshaazima.

Mimi,
Aliyekuwa msimamizi wa dawati la oda,
Ghala la Vingunguti, Dar es Salaam